Shawa Inapogonga Ukutani: Sababu, Marekebisho na Afya ya Nyumba

Walengwa: Akina mama, akina baba na walezi wote wa watoto.

Ujumbe mkuu: Kelele ya kugonga ndani ya bomba ni onyo. Bomba linalogonga kila siku hulegea viungo, huvuja, na mwishowe huingiza uchafu katika maji ya nyumba.

Mama uliye jikoni, vuta kigoda karibu na redio. Na baba kama upo, usitoke kwanza, maana ya leo yanakuhusu wewe pia.

Leo tunazungumzia jambo ambalo wengi hawalihesabu kuwa ni la afya. Ni ile kelele ya "ko! ko! ko!" inayosikika ndani ya ukuta mtu anapofunga shawa, au usiku wa manane maji ya mgao yanaporudi. Mtoto mchanga hushtuka usingizini. Bibi hukaa macho akisikiliza. Wengine hudhani ni mwizi anajaribu mlango. Wengine husema nyumba ina majini, na huanza kutafuta mtu wa kuipunga. Msikilizaji, kabla hujatoa pesa zako au kuhama nyumba, lisikilize bomba. Mara nyingi anayegonga ni maji yenyewe.

Kwa nini maji hugonga?

Fikiria matatu iliyojaa abiria inatoka Kilifi kwenda Malindi. Inafika njia panda ya Gede kwa kasi, na dereva anafunga breki ghafla. Gari linasimama, lakini abiria wote wanarushwa mbele. Aliyesimama anagonga kiti, na mizigo inagonga kioo.

Maji ndani ya bomba ni kama abiria hao. Bomba la nusu inchi lenye urefu wa mita 10 hubeba karibu kilo 2 za maji. Unapooga, maji hayo yanakimbia. Unapofunga mfereji kwa ghafla, maji ya mbele husimama, lakini ya nyuma bado yanakuja. Hayana pa kwenda, na maji hayabonyei kama sponji. Kwa hiyo hupiga mfereji uliofungwa, kisha pigo hilo hurudi nyuma, likagonga kona, likaja mbele tena. Ndiyo maana husikii mlio mmoja tu, bali milio mitatu au minne inayofuatana hadi nguvu iishe.

Pigo hili si dogo. Mwanasayansi wa Urusi, Nikolai Joukowsky, alilichunguza katika mabomba ya maji ya mji wa Moscow na kutoa hesabu zake mwaka 1898. Hesabu zake hutumiwa na wahandisi hadi leo. Zinaonyesha kwamba katika bomba la chuma, maji yanayokimbia mita 1 kwa sekunde yakisimamishwa ghafla, presha yanayoongeza inaweza kuzidi ile ya maji yaliyosimama wima kwa mita 100. Hiyo ni kama minazi mitano mirefu iliyosimamishwa mmoja juu ya mwingine. Katika bomba la plastiki pigo huwa dogo zaidi, lakini viungo vyake vilivyobandikwa kwa gundi navyo huchoka.

Sasa linganisha na tangi lako la juu. Tangi lililoinuliwa mita 3 tu lina presha ndogo mno. Bomba likipokea pigo kubwa kuliko hilo, asubuhi na jioni, mwaka hata mwaka, je, litadumu?

Kwa nini kwetu pwani tunalisikia sana?

Sababu ya kwanza ni mgao. Sehemu kubwa ya maji ya Malindi, Kilifi hata Mombasa hutoka Baricho, kando ya mto Sabaki, ambako hupampiwa kutoka visima vilivyochimbwa katika mchanga wa mto. Pampu hizo hutegemea umeme. Umeme ukikatika, au bomba kuu likipasuka, maji hukatika na mabomba ya mitaa hubaki matupu. Utupu huo hujazwa na hewa. Maji yakirudi huisukuma hewa mbele yake, na hewa hiyo hutoka kwa kutema, kukohoa na kugonga.

Sababu ya pili ni chumvi na chokaa. Visima vingi vya ukanda wetu vimechimbwa katika mawe ya matumbawe. Maji yake ni mazito, na huacha ukoko mweupe ndani ya mifereji na kwenye vitundu vya shawa. Chumvi nayo hula chuma. Washa ya mpira huharibika upesi, na vyuma vya kushikilia bomba hupata kutu na kuachia.

Sababu ya tatu ni ujenzi. Nyumba nyingi sasa zina tangi juu ya dari na pampu chini, na mifereji ya kisasa ya kugeuza mara moja tu ikafunga. Mifereji hiyo ni mizuri kwa macho, lakini hufunga maji ghafla. Tena mabomba mengi hupitishwa ukutani au chini ya paa bila kufungwa imara. Bomba lililolegea likipigwa, hugonga jiwe.

Kelele hii inahusu nini na afya?

Hapa ndipo nataka tusikilizane vizuri, kwa kuwa kelele yenyewe haimwui mtu. Kinachodhuru ni kile kinachofuata.

Kwanza, viungo hulegea. Ufa mwembamba kama unywele hutokea kwenye kona au soketi. Maji yakiwa na presha, ufa huo hutoa maji nje, na wewe unaona unyevu tu ukutani. Lakini maji yakikatika, bomba hunyonya ndani. Hunyonya nini? Chochote kilicho karibu. Nyumba nyingi za miji yetu hutumia choo cha shimo au tangi la maji taka, na ardhi yetu ya mchanga na matumbawe hupitisha maji kwa urahisi. Bomba lenye ufa lililopita karibu na shimo la choo linaweza kunyonya uchafu huo. Maji yanaporudi, uchafu huja nayo hadi kwenye kikombe cha mtoto. Kuhara, homa ya matumbo na kipindupindu hupita njia hiyo.

Pili, kuta na sakafu zenye unyevu huota ukungu. Mtoto mwenye pumu au kifua cha kukoroma huzidiwa katika chumba kama hicho.

Tatu, mahali maji yanapotuama, na katika mapipa tunayoweka kwa sababu ya mgao, huzaliana mbu. Mbu mwenye madoadoa meupe miguuni, anayeuma mchana, hupenda maji masafi ya nyumbani. Ndiye huleta homa ya denge na chikungunya. Haya si mambo ya mbali. Mlipuko wa denge uliorekodiwa mwaka 1982 ulikuwa hapa hapa Malindi na Kilifi, na chikungunya ilipiga Lamu na Mombasa mwaka 2004.

Nne, kuna hatari ya umeme, hasa kwa wenye shawa ya umeme. Hiyo tutaizungumzia peke yake.

Sikiliza vizuri: kelele za aina nne

Daktari humwuliza mgonjwa maumivu yanaanza lini. Nawe uliulize bomba: unagonga wakati gani?

1. Linagonga mara tu unapofunga. Hilo ni pigo la maji yaliyosimamishwa ghafla. Tiba yake ni kupunguza mwendo wa maji na kulifunga bomba imara.

2. Linatetema na kupiga "trrr" maji yakiwa yanatoka, na unapozidisha au kupunguza maji kelele huisha. Hiyo kwa kawaida ni washa ya mpira iliyolegea au kulika ndani ya mfereji. Inachezacheza kama mlango uliofunguliwa penye upepo.

3. Linatema, linakohoa na kugonga maji ya mgao yanaporudi. Hiyo ni hewa.

4. Linagonga hakuna mtu anayetumia maji. Angalia boya la tangi. Tangi likikaribia kujaa, mawimbi madogo hulipandisha na kulishusha boya, likawa linafunga na kufungua mfululizo. Angalia pia pampu: ikizima, valvu ya kuzuia maji yasirudi inaweza kujipiga kwa kishindo. Na kama kelele ni ya "tik, tik" mchana wa jua au jioni, huenda ni bomba chini ya mabati linatanuka na kusinyaa kwa joto.

Mama anayeweza kumwambia fundi, "Linagonga ninapofunga, si linapotoka," amemwokolea fundi kazi ya nusu siku, naye amejiokolea pesa.

Marekebisho unayoweza kufanya mwenyewe

La kwanza halina gharama. Funga mfereji polepole. Hesabu moja, mbili, tatu unapoufunga. Wafundishe watoto na wasaidizi wa nyumbani vivyo hivyo. Kelele ikiisha kwa kufanya hivyo tu, umeshajua ugonjwa.

La pili, punguza mwendo wa maji. Tafuta stopkoki, yaani ile koki inayofungia maji ya nyumba nzima, mara nyingi iko karibu na mita au chini ya tangi. Ifunge kidogo, kisha jaribu shawa. Endelea kidogo kidogo hadi maji yatoshe kuoga lakini kelele ipungue. Kila mtu mzima katika nyumba ajue stopkoki ilipo. Bomba likipasuka usiku, hapo ndipo pa kukimbilia.

La tatu, funga bomba lililolegea. Angalia sehemu zinazoonekana: nyuma ya choo, juu ya dari, ukutani nje. Lishike bomba kwa mkono huku mwenzako akifunga shawa. Ukihisi linaruka, hapo panahitaji klipu. Weka klipu kila nusu mita hadi mita moja, na karibu na kila kona. Bomba likigusana na jiwe au mbao, kata kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli ukiweke katikati. Kwetu ni heri kutumia klipu za plastiki, kwa kuwa chumvi haizili.

La nne, badilisha washa ya mpira. Fanya hivi:

Funga stopkoki. Fungua mfereji maji yaliyobaki yaishe. Fungua kichwa cha mfereji kwa spana, ukizungushia kitambaa usikwaruze. Toa washa ya zamani, nenda nayo dukani ukapate saizi ile ile. Futa ukoko mweupe mahali inapokalia. Weka mpya, rudisha kichwa, kaza bila kutumia nguvu nyingi. Kisha fungua stopkoki polepole. Mifereji ile ya kugeuza mara moja tu haina washa ya aina hii. Hiyo mwachie fundi.

La tano, safisha kichwa cha shawa. Kifungue, kiloweke katika siki usiku kucha, kisha ukisugue kwa mswaki wa zamani. Vitundu vikizibuka, maji hutoka sawasawa. Tena utelezi unaoota humo huondoka, nao ni maficho ya vijidudu.

Kazi za kumwachia fundi

Yapo mambo ambayo si ya kubahatisha. Ukiona unyevu ukutani, sakafu ya vigae inayopanda, au bomba la chuma lenye kutu, mwite fundi wa mabomba. Mwambie pia akuangalizie haya.

Akuwekee chumba cha hewa karibu na shawa. Hiki ni kipande cha bomba kilichosimama wima, chenye urefu wa sentimita 30 hadi 60, kilichozibwa juu. Hewa iliyomo ndani hubonyea kama mto, ikapokea pigo badala ya ukuta. Lakini ujue jambo moja: baada ya muda hewa hiyo huyeyuka katika maji, chumba kikajaa maji, na kelele ikarudi. Hapo hakuna haja ya kununua kingine. Funga stopkoki, fungua mfereji wa juu kabisa na wa chini kabisa, maji yote yatoke. Hewa itaingia yenyewe. Funga mifereji, kisha fungua stopkoki polepole. Madukani kuna pia vifaa vilivyotengenezwa vya kupokea pigo, vyenye springi ndani, ambavyo havihitaji kumwagwa maji.

Kama maji ya shawa yanatoka kwenye tangi, fundi anaweza kuweka bomba la kupumulia. Huanzia pale maji yanapotokea tangini, hupanda hadi juu ya tangi, na mdomo wake huelekezwa chini na kufunikwa kwa wavu ili mbu wasiingie. Hewa hutokea hapo badala ya kukohoa kwenye shawa.

Kwa pampu, kuna valvu yenye springi ambayo hufunga kabla maji hayajarudi kwa kasi. Kwa boya la tangi, mara nyingi yatosha kubadilisha washa yake na kulifunga imara bomba linaloingiza maji.

Shawa ya umeme

Wenye shawa ya umeme, tulieni hapa. Shawa ikinguruma, ikigonga au ikitoa mvuke, huenda maji ni machache na kile chuma cha kupashia moto kinayachemsha papo hapo. Au kimevaa ukoko wa chokaa. Izime kwenye swichi kubwa kabla ya kugusa chochote. Usiirekebishe maji yakiwa yanatoka. Usimwache mtoto kucheza na kitufe chake, kwa kuwa presha ikishuka ghafla maji huwa ya moto zaidi na kumbabua.

Maji ya chumvi hupitisha umeme kuliko maji baridi ya mvua. Kama nyumba yako inatumia maji ya kisima, nunua shawa iliyotengenezwa kwa maji ya chumvi, na fundi wa umeme mwenye leseni ahakikishe waya wa ardhini umeunganishwa. Mkiona mfereji au kichwa cha shawa kinawatekenya vidole, acheni kuoga hapo siku hiyo hiyo. Huo ni umeme unaovuja, na kutekenya kwa leo kunaweza kuwa kifo kesho. Ogeni kwa ndoo hadi litengenezwe.

Maji ya mgao yanaporudi

Maji yakikatika, hakikisha mifereji yote imefungwa. Usiuache wazi ukingoje maji. Yakirudi usiku utaamka sebule imejaa. Tena hewa inayopita kwa kasi huweza kuzungusha mita, ukalipia upepo.

Yakirudi, fungua mfereji mmoja kidogo tu, hewa itoke polepole. Subiri hadi kutema kukome. Maji ya mwanzo, hasa yenye rangi ya udongo au kutu, yaweke kando kwa choo na kupiga deki. Usimpe mtoto. Yakishakuwa meupe, jaza ya kunywa.

Ya kunywa yachemshe hadi yatokote vizuri, au yatie dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa na usubiri nusu saa. Yahifadhi katika chombo chenye mdomo mwembamba na kifuniko. Mapipa na ndoo za akiba zifunikwe, na kila wiki zisuguliwe ndani, kwa kuwa mayai ya mbu hugandama kwenye kuta za chombo hata maji yakimwagwa. Na tafadhali, mama, mtoto anayejifunza kutembea anaweza kuzama katika ndoo. Kifuniko ni cha mbu, na ni cha mtoto pia.

Ili kujua kama kuna uvujaji uliojificha, funga mifereji yote usiku, soma mita, uisome tena alfajiri. Namba zikisogea na hakuna aliyetumia maji, kuna mahali yanapotea. Uvujaji wa barabarani, kabla ya mita yako, ripoti kwa kampuni ya maji: ya Malindi kwa walio Malindi na Watamu, au ya Kilifi-Mariakani kwa walio Kilifi na Mtwapa.

Mtoto akihara

Mtoto akiharisha, usingoje kutafuta kosa la bomba. Endelea kumnyonyesha na kumpa chakula. Mpe maji ya ORS, ukichanganya pakiti kwa kiasi cha maji kilichoandikwa juu yake, na maji hayo yawe yametibiwa. Kituo cha afya kitakupa na vidonge vya zinki, ambavyo hutolewa kwa siku 10 hadi 14. Vimalize hata kama kuhara kumekoma.

Mkimbize hospitali mara moja ukiona macho yameingia ndani, mkojo umepungua, analia bila machozi, amelegea, anatapika kila kitu, kinyesi kina damu, au kinatoka kama maji ya mchele. Na kama nyumba mbili au tatu zinazotumia bomba moja zina watu wanaohara, mwambieni mhamasishaji wa afya ya jamii wa mtaa wenu siku hiyo hiyo. Huenda ugonjwa uko ndani ya bomba.

Maswali yanayoulizwa mara nyingi

Swali: Nyumba ni ya kupanga, na mwenye nyumba anasema kelele ni kawaida. Nifanye nini?

Jibu: Anza na yale yaliyo mkononi mwako: kufunga polepole na kupunguza stopkoki. Kisha mwalike aje aisikie mwenyewe, umwonyeshe unyevu kama upo. Usimwambie tu kwamba mnakosa usingizi. Mwambie ukuta wake unaharibika. Washa na klipu ni za bei ndogo, lakini kuvunja ukuta na kuujenga upya ni gharama. Wapangaji wote mkienda pamoja, neno lenu litakuwa zito.

Swali: Kelele huja saa nane za usiku, na sote tumelala. Mama mkwe anasisitiza si bomba.

Jibu: Usibishane naye. Usiku huo funga stopkoki kabla ya kulala, na uzime pampu. Kelele isiposikika usiku mbili tatu, mwonyeshe kwa heshima kwamba ilikuwa ni maji yanarudi au boya la tangi. Ikiendelea na koki imefungwa, tazameni mabati, matawi yanayogusa paa, na panya. Mwombe akae nawe msikilize pamoja. Mtu mzima akisikia mwenyewe huelewa.

Swali: Mimi sina shawa. Nachota maji kwenye kioski kwa mtungi. Haya yananihusu?

Jibu: Yanakuhusu sana. Bomba linaloleta maji kioskini nalo hunyonya uchafu likiwa na ufa. Ukiona bomba limelala mtaroni, au maji yana harufu au rangi, mwambie mwenye kioski na uripoti. Osha mtungi wako ndani mara kwa mara, uufunike, na utibu maji ya kunywa kila siku, hata yakiwa meupe.

Mambo ya kukumbuka

Kugonga ndani ya ukuta ni maji au hewa, na kila kelele ina wakati wake na tiba yake.

Funga mfereji polepole, na kila mtu mzima ajue stopkoki ilipo.

Bomba lililofungwa imara halipigi kelele, na halipasuki upesi.

Maji ya mwanzo baada ya mgao si ya kunywa.

Shawa ya umeme inayotekenya vidole isitumike tena hadi fundi aitengeneze.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa habari ya mabomba, hata ukuta utajengwa upya, lakini afya ya mtoto ni vigumu kuijenga upya. Jioni ya leo, baada ya wote kuoga, simama karibu na ukuta, mwenzako afunge shawa, nawe usikilize. Ukisikia kugonga, usingoje wiki ijayo.